Gemu zote tano za Geneforge, safari hii bila kujikweza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga alinitumia ujumbe. Nauweka karibu kama ulivyo, nimetoa tu jina lake:

"Kaka shikamoo. Nilisoma orodha yako ya Geneforge ya mwaka juzi nikazinunua zote tano. Ya kwanza na ya pili nimemaliza, asante sana. Ya tatu imenishinda. Nimeianza mara mbili nikaiacha mara mbili. Wewe uliiweka namba mbili ukasema imekomaa. Naomba unisaidie kaka, imekomaa wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nililisoma swali lako, nikaweka simu chini, nikaenda kuoga, nikarudi nikalikuta bado linanisubiri. Imekomaa wapi?

Ukweli ni kwamba nilipoandika orodha ile sikuwa nimeimaliza ya tatu. Nilifika kisiwa cha pili nikachoka. Neno "imekomaa" nililiandika saa sita usiku kwa sababu lilionekana ni neno la mtu anayejua. Wakati huo nilikuwa na donge. Kuna kundi la WhatsApp la wapenda gemu ambako niliwahi kuweka picha ya Geneforge, jamaa mmoja mwenye mashine ya maana akaniuliza kama hiyo ni kompyuta au ni Nokia ya tochi. Watu wakacheka siku mbili. Nilichoka kuchekwa, nikaamua nitaandika orodha nzito, yenye maneno mazito, ili ajue kuwa haya mambo yana wenyewe. Orodha ikasomwa, nikasifiwa, na wewe ukatoa hela yako.

Kwa hiyo wiki hii nimerudi kwenye ya tatu nikaimaliza, usiku sita, na ninaipanga upya orodha yote. Safari hii napanga kwa raha niliyoipata mimi, basi.

Kwa ambao hawajui tunaongelea nini: Geneforge ni gemu tano za RPG, yaani zile unazovaa uhusika wa mtu na kumkuza taratibu, zilizotoka kati ya 2001 na 2008. Zimetengenezwa na Spiderweb Software ya Seattle, Marekani, kampuni aliyoianzisha Jeff Vogel mwaka 1994. Ni kampuni ndogo kwelikweli, ya kifamilia, mke na mume na watu wachache wa kusaidia. Unaangalia ardhi kwa juu kidogo, watu ni vidude vidogo kama punje za mahindi, na vita vikianza kila mmoja anasubiri zamu yake. Ukitembea husikii muziki. Kuna maandishi, mengi, na mazuri. Hazidai kadi ya grafiksi, hazidai intaneti, na laptopu yoyote iliyochakaa inazibeba.

Dunia yenyewe inatawaliwa na watu wanaoitwa Shapers. Mimi huwaita Waumbaji, ingawa mama aliwahi kupita nyuma yangu nikimwambia mdogo wangu "mimi ni Muumbaji", akasema astaghfirullah na kuchomoa waya ukutani. Kazi yao ni kufinyanga vitu hai: mnyama wa kupigana, silaha inayopumua, na kiumbe wa kulima na kubeba mizigo anayeitwa Servile. Servile ameumbwa atii. Gemu zote tano zinazunguka jambo moja, kwamba Servile ameanza kufikiri, sasa wewe mwenzangu utafanya nini naye.

Naanzia mkiani.

Ya tatu ndiyo ya mwisho. Nimeisema. Ilitoka 2005, unaanza ukiwa mwanafunzi kwenye shule ya Waumbaji, shule inashambuliwa, unabaki na wenzako wawili, Alwan na Greta, mnahama kisiwa hadi kisiwa kwenye visiwa vya Ashen. Mwanzo wake ni mtamu. Alwan ni mtu wa sheria, Greta ana maswali, na kila ukifanya jambo unamwona mmoja ananuna. Ningekuwa na gemu nzima ya kutembea na hao wawili wakigombana, ningeiweka juu kabisa. Lakini visiwa vinakubana. Unamaliza kimoja ndipo unapewa kingine, kama darasa la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye gemu mbili za mwanzo nilizoea kupotea, kwenda nisikotakiwa, kukimbia, kurudi nikiwa nimejiandaa. Hapa njia umechorewa. Na makundi yamebaki mawili tu, Waumbaji na waasi, na wote wawili wanakera. Muasi anaachilia wanyama wakali juu ya wakulima, Muumbaji anakwambia wakulima ni bahati mbaya. Nilimaliza upande wa Waumbaji nikijisikia kama nimesaini karatasi ambayo sikuisoma.

Kwa hiyo haijakomaa popote, mdogo wangu. Imechoka tu. Na kabla hujanilaumu zaidi, jifunze na wewe: mtu akikusifia kitu kwa neno moja kubwa, muulize alifika wapi.

Juu yake naiweka ya nne, ya 2006. Hii sina mengi. Wazo ni zuri sana, safari hii uko upande wa waasi tangu dakika ya kwanza, na kwa mara ya kwanza unaweza kucheza ukiwa Servile mwenyewe. Nilichagua Servile, nikafurahi wiki nzima. Baadaye ikawa vita, vita, vita, mlango, vita. Greta na Alwan wanarudi wakiwa wakubwa, kila mmoja upande wake, na sehemu zao ndizo ninazozikumbuka. Zingine zimefutika. Ushauri wangu kwenye ya nne ni uleule wa gemu zote: pointi za mwanzo weka kwenye Uongozi na Ufundi. Uongozi unakufungulia mazungumzo, Ufundi unakufungulia milango. Nguvu zitakuja.

Nafasi inayofuata ni ya Geneforge ya kwanza. Nusu yake. Msinikatishe, nitaeleza nikifika juu kwa nini nimeikata vipande viwili. Hapa naongelea kile kipande cha pili, kilichokuja baada ya kulipia.

Unakuwa mwanafunzi wa Uumbaji, chombo chako kinashambuliwa baharini, unatupwa kwenye kisiwa cha Sucia ambacho Waumbaji walikihama na kukipiga marufuku. Waliwaacha Servile wao huko. Wale Servile wameishi wenyewe miaka na miaka, wamegawanyika. Wapo Watiifu, ambao bado wanawasubiri mabwana warudi. Wapo Walioamka, wanaotaka kuheshimiwa kama watu. Wapo Wanyakuzi, ambao wamechoka kuomba. Na katikati ya kisiwa kuna hiyo Geneforge yenyewe, mtambo unaoweza kumfanya mtu awe kitu kingine, na kuna mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, Trajkov, ambaye ameshauona.

Sasa humo njiani kuna makopo. Ukifungua kopo, linakubadilisha mwili papo hapo, unapata ujuzi ambao ungeutolea jasho siku nzima. Mimi niliyafungua yote. Kila niliposikia kuna kopo kwenye chumba kilichofungwa, nilikwenda. Nikawa natembea Sucia kama mbunge aliyerudi jimboni. Nilianza kuona kitu cha ajabu kwenye mazungumzo, majibu ya mhusika wangu yamekuwa makali, ana dharau, hana subira. Nikadhani mwandishi kachoka. Nilipomaliza, maandishi ya mwisho yakanieleza taratibu nimekuwa mtu wa namna gani, na sikuyapenda, kwa sababu yalikuwa kweli.

Usifungue makopo. Fungua mawili matatu ya mwanzo kama una njaa, kisha acha. Narudia kwa sababu najua hutanisikia: acha makopo.

Lakini kilichoshusha hiki kipande si makopo. Ni fyora. Fyora ni mjusi mdogo anayetema moto, ndiye kiumbe wa kwanza kabisa unayejifunza kumuumba. Wa kwangu nilikuwa naye tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameshapanda leveli nyingi kwa kupigana. Nilipojifunza kuumba viumbe vikubwa, nguvu zangu za uumbaji zikawa hazitoshi kuwabeba wote. Gemu inakuruhusu kumrudisha kiumbe ndani yako, unabonyeza, anayeyuka, nguvu zako zinarudi. Nikambonyeza. Hakulia wala nini, alitoweka tu. Nikaumba dude kubwa zaidi mahali pake, likaua kila kitu, na sijawahi kulikumbuka jina lake. Najua ni vinukta kwenye kioo. Miaka imepita na bado nikiona mjusi ukutani namkumbuka.

Juu ya hapo, ya tano, ya 2008. Wengi wanaiona ndefu na ngumu, na ni kweli. Unaamka hujui wewe ni nani. Bwana mmoja mkubwa wa Waumbaji, Rawal, anakuokota, anakupa chakula na kazi, halafu anakupandikiza kitu ndani ya mwili ili usimtoroke. Unafanya kazi zake huku ukitafuta namna ya kujinasua. Niliicheza mwaka ambao nilikuwa na mkataba wa kazi mahali fulani, sitapataja, na bosi mmoja ambaye alikuwa akinipigia simu Jumapili alfajiri kuniuliza kama niko "nyumbani kabisa au nyumbani karibu na ofisi". Siku niliyoondoa kile kitu cha Rawal nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani. Kazini nilikaa miezi mingine saba.

Utamu wa ya tano ni kuchagua upande. Kuna pande tano, na kila mmoja ana hoja. Taygen anataka kila kiumbe kilichoumbwa kifutwe duniani. Alwan, aliyebaki kipande cha mtu kwa majeraha, hataki kurudi nyuma hata hatua moja. Ghaldring anaongoza waasi na yeye mwenyewe ni kiumbe aliyeumbwa. Litalia na wenzake wanataka uumbaji wenyewe ukome. Astoria anataka watu wakae mezani. Nilikwenda kwa Astoria, na binamu yangu ambaye tulikuwa tukicheza pamoja alininunia kabisa, akasema mimi ni mtu wa kukwepa. Yeye alikuwa Ghaldring tangu mwanzo. Tulibishana kwenye daladala mpaka konda akatuuliza uchaguzi ni lini.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri vijana. Mnaingia kwenye gemu kama hii mkitafuta kwenye YouTube "upande ulio bora". Hakuna. Mkishaambiwa jibu, mmenunua nini? Mtu anamaliza gemu yenye pande tano kwa saa sitini akifuata mishale ya mtu mwingine, halafu anakuja kuniambia stori haikumgusa. Itakugusaje na hukuwepo? Chagua, kosea, kaa na kosa lako. Na weka pointi kwenye Uongozi.

Ya pili, ya 2003, ndiyo gemu kamili niipendayo kuliko zote, na orodha ya mwaka juzi niliiweka ya nne. Ya nne! Nilisoma mahali kwamba inafanana mno na ya kwanza, nikaogopa kuonekana mshamba. Inafanana, ndiyo. Hata ugali wa leo unafanana na wa jana.

Unatumwa na mkubwa wako, Shanti, kwenda naye kukagua koloni la milimani linaloitwa Drypeak. Mnafika, kila mtu anawasalimia vizuri mno. Mimi nimekulia mtaa ambao mgeni akisalimiwa vizuri mno anashika mkoba wake. Nilijua kuna kitu. Nyuma ya milima kuna watu wengi waliojificha, kila kundi na bonde lake, na kundi moja linaongozwa na Barzahl, Muumbaji ambaye amefungua makopo hayo kwa miaka. Amejibadilisha yeye, akawabadilisha na wafuasi wake. Anaongea kwa upole na kiburi kwa wakati mmoja. Nilikaa mbele yake nikisoma sentensi zake na nikazitambua. Ni zile zile za mhusika wangu wa gemu ya kwanza, baada ya kopo la kumi na ngapi sijui.

Hakuna kitu kingine kwenye gemu kilichowahi kunifanyia hivyo. Wengine wanalia kwa gemu za Final Fantasy. Mimi nililetewa bili ya makopo niliyoyafungua kwenye gemu nyingine.

Nilicheza ya pili bila kufungua hata moja. Ilikuwa ngumu, nilikufa sana, nilisevu kila mlangoni. Na hapa nikiri, ninajivunia hilo kuliko cheti changu cha chuo, ambacho kipo chini ya godoro.

Sasa juu kabisa. Namba moja ni demo ya Geneforge ya kwanza, kile kipande cha bure cha majaribio.

Najua. Lakini nilisema napanga kwa raha.

Mwaka 2006, ule mwaka wa mgao mkali wa umeme, mjomba alikuwa na stesheneri Mwanza, karibu na stendi. Alinunua kompyuta ya mtumba ya kuchapia barua na wasifu wa watu, ikaja na mfuko wa CD za zamani za magazeti ya Ulaya, zimejaa programu za majaribio. Moja ilikuwa na Geneforge. Spiderweb walikuwa na utaratibu wa kukupa kipande kikubwa cha gemu bure, si dakika kumi, ni masaa na masaa. Ukifika mpakani unaambiwa ulipie, gemu inakupa namba, unawatumia na malipo, wanakurudishia namba ya kufungulia. Malipo ni kwa kadi. Kadi ya benki ya kulipia Marekani mwaka huo, stendi ya Mwanza, kwa mvulana wa kidato cha tatu! Ningeomba tu nipewe ndege.

Basi nilicheza kona ile. Miaka mitatu. Niliimaliza kama Muumbaji, kama mpiganaji, kama wakala wa siri. Niliimaliza nikiua kila kitu, halafu nikiongea tu bila kuua karibu kitu chochote, na inawezekana, hiyo ndiyo siku nilipoelewa maana ya pointi za Uongozi. Nilimjua kila Servile kwa jina na kwa malalamiko yake. Hata kwenye kona hiyo ndogo walikuwa wanabishana kuhusu sisi Waumbaji, nami nikabishana nao, nikabadilisha mawazo, nikabadilisha tena. Umeme ukikatika nilikuwa nakaa gizani na mjomba tunasubiri, nimeshasahau nilisevu wapi, nikipanga kichwani nitamjibu nini yule Servile mzee ukirudi. Ukirudi, mteja anaingia na barua ya kuomba kazi ya ulinzi, nanyanyuka.

Fyora wangu aliishi humo. Kwenye demo hakukuwa na sababu ya kumbonyeza. Nguvu zilikuwa zinatosha.

Mwaka 2009 binamu, yuleyule wa Ghaldring, akiwa ameanza kazi Muscat, alinilipia kwa kadi yake. Namba ikaja kwa barua pepe. Niliiandika, nikatembea mpaka mpakani, nikapita. Nilikuwa nimeusubiri ule mpaka miaka mitatu na upande wa pili palikuwa na nyasi zilezile. Nilifurahi, sikatai. Ila ile furaha ya kona sikuikuta tena upande ule, nimekueleza yaliyotokea.

Ushauri, maana wengine mmekuja kwa ajili hiyo. Siku hizi simu yenyewe inakutengenezea kadi, huna kisingizio. Demo bado wanazitoa, chezeni kwanza. Macho yako yakikataa picha za zamani, ya kwanza imetengenezwa upya mwaka 2021 kwa jina la Mutagen, na ya pili mwaka 2024 kwa jina la Infestation. Sijazihesabu kwenye orodha kwa sababu ni nyumba zilezile zimepakwa rangi na kuongezwa vyumba, lakini kwa mgeni ndipo pa kuanzia. Sevu mara nyingi. Uongozi na Ufundi. Makopo acha.

Yule jamaa wa Nokia ya tochi bado yupo kwenye kundi. Juzi aliandika kwamba gemu yake ya gigabaiti mia moja na kitu imegoma kufunguka kwa sababu ya sasisho, na bando limeisha. Sikusema kitu. Niliweka tu picha ya fyora.

Na wewe wa Tanga, nilikujibu pembeni lakini naweka na hapa kwa faida ya wengine. Uliniuliza sasa ufanye nini na ya tatu, maana hela imeshatoka. Iache. Ulishaonana na Alwan na Greta, hiyo inatosha, ya nne itakukumbusha mengine. Chagua Servile. Ukifika ya tano na Rawal akakuita, nitumie ujumbe uniambie umekwenda kwa nani, na usiniulize kwanza.